Kumwandika buibui ambaye hajawahi kuandikwa

Mtu akisikia kwamba ninaeleza spishi mpya ya buibui, kwanza huniuliza nilimpata wapi. Namjibu kwa furaha, kwa sababu mahali penyewe panapendeza: msitu wenye mawe makubwa yaliyoegemeana, na chini ya mawe hayo uvungu wenye giza na unyevunyevu, ambamo buibui wa miguu mirefu hukaa wakining'inia migongo chini kwenye tando zisizo na mpangilio. Lakini uvunguni pale sikugundua kitu. Nilimwona buibui, basi. Kwamba ni mpya nilikuja kujua baadaye sana, mezani, nilipokwisha kumlinganisha na ndugu zake waliokwisha kupewa majina, mmoja baada ya mwingine. Sehemu hiyo ya kazi watu hawaiulizii, nayo ndiyo iliyonifunza karibu kila ninachokijua. Ndiyo nitakayoisimulia.

Buibui ninayemzungumzia ni wa familia ya Pholcidae, jenasi ya Pholcus. Hata kama jina hilo hulijui, wenyewe umewaona: wana mwili mdogo mwembamba na miguu mirefu kupita kiasi, na hupenda pembe za dari, stoo, na vyumba vya chini ambavyo watu hawaingii mara kwa mara. Hao wa majumbani ni wachache tu. Yupo Pholcus phalangioides, aliyeelezwa na Fuesslin mwaka 1775, yupo Smeringopus pallidus, yupo Crossopriza lyoni. Wamesafiri na binadamu na mizigo yake hadi wakaenea mabara mengi. Walio wengi zaidi hawajawahi kuingia nyumbani mwa mtu. Familia nzima ina takriban spishi 2,000 katika jenasi zaidi ya 90, na wengi wao huishi kwenye misitu ya nchi za joto: kwenye majani makavu ya ardhini, chini ya majani mabichi, kwenye mizizi ya miti mikubwa, mapangoni. Kila mlima wenye msitu wake unaweza kuwa na spishi zake ambazo hazipatikani kwingine. Misitu ya milima ya Afrika Mashariki, kwa mfano, ina buibui wengi sana wa familia hii, na mwaka 2003 Bernhard Huber wa makumbusho ya Koenig mjini Bonn alilazimika kuunda jenasi mpya kabisa, Buitinga, ili kuwapatia baadhi yao mahali pa kukaa.

Upo uvumi ninaokutana nao kila ninapowataja: eti sumu yao inaishinda ya buibui wote duniani, ila chonge zao ni fupi mno haziwezi kupenya ngozi ya mtu. Hakuna utafiti uliowahi kuthibitisha hivyo. Kwa binadamu ni viumbe wapole, na inaniuma kuona wakipigwa ufagio kwa sababu ya maneno ya mitaani. Lililo kweli ni kwamba huwala buibui wenzao, hata waliowazidi mwili. Dume au jike humrushia mwenzake nyuzi kwa miguu ya nyuma akiwa bado mbali, humzungushia mpaka asiweze kujitikisa, ndipo husogea kumng'ata. Miguu mirefu ina kazi hapo: mwili unabaki mbali na hatari.

Kuwapata si kazi ngumu ukishawajua tabia. Buibui wa Pholcus akiguswa au akisikia hewa imemjia ghafla, huuzungusha mwili wake kwa kasi huku miguu imeng'ang'ania utando, hata macho yanashindwa kumfuata. Unaona ukungu tu mahali alipokuwa. Anayejaribu kumpiga picha hulalamika. Mkusanyaji hushukuru. Nimezoea kuingiza kichwa uvunguni, kuzima taa kidogo, kisha kupuliza taratibu na kuwasha taa tena. Ukuta wa jiwe uliodhani hauna kitu unaanza kutetemeka mahali fulani, na hapo ndipo pa kupeleka mkono.

Unayemtaka ni mzima, yaani aliyekwisha kujivua ngozi kwa mara ya mwisho. Mtoto wa buibui hana viungo vya uzazi vilivyokamilika, na bila hivyo huwezi kusema lolote la uhakika juu ya spishi yake, hata uwe na rundo la watoto mezani. Majike ni rahisi kuwaona kwa sababu hubeba mayai yao mdomoni. Nilikaa muda mrefu nikimtazama mmoja kwa lenzi ya mkononi: ameyashika mayai kwa kelisera, zile taya fupi zenye chonge, na kilichoyaunganisha ni nyuzi chache mno, laini hata kila yai lilionekana waziwazi, la mviringo, rangi ya maziwa yaliyochanganyika na waridi kidogo. Buibui wengi wa familia nyingine huyafungia mayai ndani ya kifuko kizito cha hariri. Huyu ameyaacha karibu wazi, halafu akayalinda kwa kutoyaweka chini. Majike wa namna hiyo niliwaacha wengi walipo. Idadi ndogo inatosha, na kibali cha kukusanya nilichopewa nakichukulia kama ahadi kwa wenye msitu: Itifaki ya Nagoya, iliyoanza kutumika mwaka 2014, inataka viumbe wa nchi wasichukuliwe bila ridhaa ya nchi yenyewe, na nadhani mtu anayepewa heshima ya kutaja spishi kwa mara ya kwanza angefanya hivyo hata bila itifaki.

Kila buibui aliingia kwenye kichupa chake peke yake. Sababu ni miguu. Hawa huiachia kwa urahisi mno wakishikwa, na ukiweka watano pamoja, jioni unakuwa na miili mitano na miguu isiyojulikana ya nani. Ndani ya spiriti, pamoja na buibui, huwekwa lebo: mahali kwa majira nukta, mwinuko kutoka usawa wa bahari, aina ya makazi, tarehe, jina la aliyekusanya. Lebo inaandikwa kwa penseli au wino usioyeyuka, na inakaa ndani ya kichupa, haibandikwi nje. Gundi hubanduka. Nimeshika makumbushoni sampuli zenye umri wa zaidi ya miaka mia ambazo thamani yake yote imebebwa na karatasi ya ukubwa wa ukucha. Bila karatasi hiyo zingekuwa maiti za buibui na si zaidi.

Sasa nije mezani.

Dume wa buibui hujulikana kwa palpi zake, vile viungo viwili vifupi vilivyoko mbele ya jozi ya kwanza ya miguu. Mbegu zake hutokea tumboni. Huzidondoshea kwenye kiutando kidogo alichokifuma, kisha huzifyonza kwa bulbu, kifuko kigumu kilichoko mwishoni mwa palpi, na ni kwa bulbu hiyo humfikishia jike. Kwa kuwa kazi hiyo inahitaji palpi ya dume ikubaliane na maumbile ya jike wake, umbo la palpi hutofautiana kutoka spishi hadi spishi hata pale ambapo rangi, ukubwa na miguu vinafanana kabisa. Pholcidae wana na ziada. Kutoka kwenye ncha ya palpi hutoka mchomozo mwingine, prokursi, ambao mwisho wake huwa na mikunjo, vijiba, utando mwembamba na vindoano, kila spishi na mpangilio wake. Wakati wa kujamiiana dume huingiza palpi zote mbili kwa pamoja, huku kelisera zake zenye vijipembe zikimbana jike kwenye bamba la nje la uzazi. Kwa hiyo kuna sehemu tatu za kutazama kwa dume mmoja: vijipembe vya kelisera, bulbu, na prokursi. Ukizijua hizo tatu umemjua.

Nilimlaza dume wangu wa kwanza kwenye kisahani chenye mchanga mweupe laini uliofunikwa na spiriti. Mchanga humshikilia katika pozi unalotaka, kitu ambacho kioo kitupu hakiwezi. Kisha nikaitenga palpi ya kushoto kwa kibano, kwa sababu desturi ya fani ni kuchora ya kushoto, ili mtu wa kesho anayelinganisha michoro asihangaike kuigeuza kichwani. Ya kulia niliitazama pia kabla ya kuiacha mwilini, wala si kwa kupoteza muda: katika familia hii hii yupo Metagonia mariguitarensis, ambaye palpi ya kushoto na ya kulia za dume mmoja zina maumbo tofauti. Za wangu zilikuwa sawa.

Ukiitazama palpi kwa mara ya kwanza huelewi kitu. Ni kama kuangalia kufuli lililofunguliwa viungo vyake vyote vikiwa bado vimeshikana. Kinachosaidia ni kuigeuza kidogo sana, digrii chache tu kila mara, na kuuliza swali moja tu: kile kijiba ninachokiona sasa ni kile kile nilichokiona upande wa pili, au ni kingine? Prokursi ya buibui huyu ilionekana ya kawaida kwa upande wa nje. Nilipoigeuza upande wa ndani, karibu na ncha, palitokea kijibamba chembamba kinachopitisha mwanga, ukingo wake umekatika mfano wa msumeno, na chini yake mwiba mmoja uliopinda kuelekea nyuma. Nikaibonyeza kidogo kwa sindano kuhakikisha kwamba si takataka iliyoganda. Haikuwa. Madume wengine nao walikuwa nacho, wote, kwa umbo lile lile na mahali pale pale.

Hapo moyo ulikwenda mbio, sikatai. Lakini mwiba peke yake hausemi kitu mpaka ujue nani mwingine anao.

Nilichora kabla ya kulinganisha, na bado nadhani huo ndio utaratibu bora. Siku hizi kamera zinazopanda hatua kwa hatua na kuunganisha picha kadhaa kuwa moja zimefika mbali, nami nazitumia. Hata hivyo picha hukuonyesha kila kitu kwa uzito mmoja: mwiba, kivuli, chembe ya vumbi. Mchoro hukulazimisha uamue. Kila mstari unaoweka karatasini ni tamko kwamba ukingo huu upo, unaanzia hapa na kuishia pale, na usipojua unapoishia unalazimika kurudi kwenye hadubini kutazama. Michoro yangu ya prokursi niliifanya kwa kifaa cha vioo kinachofungwa kwenye hadubini, kinachokuwezesha kuona buibui na ncha ya penseli yako kwa pamoja. Nilipomaliza mchoro wa mwisho niliweza kuieleza palpi ile kwa maneno bila kuitazama.

Jike ni kazi nyingine. Kwa nje ana bamba gumu chini ya tumbo, lakini siri iko ndani. Bamba hilo hukatwa kwa uangalifu, hulowekwa kwenye myeyusho wa potasi unaokula nyama laini na kuacha magamba, kisha hugeuzwa chali. Ndani unaona vibamba viwili vyenye matundu madogo ambapo tezi humwagia majimaji yake, na ukingo ulioinuka mbele. Umbo la vibamba hivyo, umbali kati yake, na mahali vilipo ndivyo vya kuandikwa. Katika spishi nyingi za Pholcus majike wanafanana mno, ndiyo maana spishi hii nimeijenga juu ya dume. Kuwafunga majike na madume pamoja chini ya jina moja kulihitaji sababu, maana uvungu mmoja unaweza kuwa na spishi mbili. Sababu niliyokuwa nayo ilikuwa nzuri: niliwahi kuwakuta wawili wakiwa kwenye utando mmoja wakijamiiana, na walikusanywa na kuhifadhiwa kama jozi.

Kisha ikaanza kazi ndefu ya kulinganisha. Buibui wana bahati ambayo wadudu wengi hawana: ipo orodha moja, World Spider Catalog, aliyoianzisha Norman Platnick kwenye intaneti mwaka 2000 na ambayo tangu mwaka 2014 inatunzwa na makumbusho ya Bern, Uswisi. Humo kila jina la buibui lililowahi kutolewa kwa kufuata kanuni limo, pamoja na makala zenyewe, na mtu anayejiandikisha anazisoma bure. Majina ya wanyama wote huhesabiwa tangu toleo la 10 la kitabu cha Linnaeus la mwaka 1758, isipokuwa buibui, ambao majina yao ya kwanza yanatoka kwa Msweden mwingine, Carl Clerck, mwaka 1757. Orodha ilifikisha spishi 50,000 mwaka 2022, na tangu hapo imeendelea kukua. Kila mtu anayetaka kuongeza mmoja anadaiwa kuonyesha kwamba hayumo tayari.

Jenasi ya Pholcus ina mamia ya spishi. Bila marejeo ya Huber ya mwaka 2011, yenye kurasa zaidi ya 500 na yaliyowapanga Pholcus katika makundi kwa ukaribu wao, sijui ningeanzia wapi. Nilianza kwa kumtafutia wangu kundi lake: vijipembe vya kelisera vina vijino vingapi nchani, bulbu ina michomozo ipi, macho yamekaaje. Kundi likishajulikana, wa kulinganisha wanapungua sana. Kisha spishi moja moja, mchoro kwa mchoro, prokursi upande wa ndani, ncha, mwiba. Wapo waliokuwa na kijibamba bila mwiba. Yupo mwenye mwiba, lakini umepinda kuelekea mbele, na bulbu yake ni tofauti kabisa. Kila nilipomwondoa mmoja niliandika kwa nini, sentensi moja au mbili, na sentensi hizo baadaye zikawa uti wa mgongo wa makala.

Tatizo huwa ni majina ya kale. Waandishi wa karne ya 19 walieleza rangi, ukubwa na mahali, mara nyingi bila mchoro wowote wa palpi, kwa kuwa kwa macho yao hilo lilitosha. Ukisoma maelezo ya mistari michache yanayosema buibui ni wa rangi ya udongo mwenye miguu mirefu sana, unaweza kuwa unasoma habari za nusu ya familia. Njia pekee ya kumaliza ubishi ni kumtazama holotaipu, yaani yule buibui mmoja anayebeba jina. Ndiye kipimo. Maneno yakiwa na utata, mwili wake ndio unaoamua. Nilimpata mmoja wa aina hiyo aliyekuwa akinisumbua, mwenye maelezo mafupi na jina la kale linaloweza kuwa lake huyu wangu, na kama angekuwa ndiye, basi jina la kale lingeshinda, kwa sababu kanuni ya utangulizi haitazami nani ameandika vizuri, inatazama nani ameandika kwanza. Alikuwa amefifia kabisa, amebaki na miguu mitatu. Palpi zake zilikuwa nzima. Nilipoigeuza prokursi upande wa ndani hapakuwa na kijibamba wala mwiba.

Jambo hilo lilinibadilisha kuliko lolote katika kazi hii. Yule aliyemkusanya buibui yule hakuwa na namna ya kujua kwamba siku moja mtu atahitaji kuona upande wa ndani wa palpi yake. Alimweka tu kwenye spiriti, akaandika mahali na tarehe, na baada yake watu wengine ambao majina yao hayamo popote wakawa wanaongeza spiriti kila ilipopungua. Mimi nilijibiwa swali langu kwa sababu ya uaminifu wa watu hao. Nikaanza kuandika lebo zangu kwa mwandiko mwingine kabisa.

Vipimo sitavirefusha. Upana wa kichwa-kifua, urefu wa kila pingili ya mguu wa kwanza, mahali ulipo unywele wa hisi kwenye tibia, mojawapo ya pingili ndefu za mguu, kwa asilimia ya urefu wake. Jozi ya kwanza ya miguu ndiyo inayotumika kulinganisha, na inabadilika sana kati ya dume na dume, kwa hiyo hupimwa wengi ili msomaji ajue mipaka ya tofauti. Nao urithi: mguu mmoja uliohifadhiwa kwenye spiriti kali isiyo na maji unatosha kusoma kipande cha jeni ya COI, chenye herufi 658, kinachotumika duniani kote kutambulisha wanyama. Kilikubaliana na mwiba. Kama kisingekubaliana ningerudi mezani, lakini sidhani herufi peke yake, bila mwili uliotazamwa vizuri, zingenitosha kumpa buibui jina. Msomaji aliyeko msituni na lenzi anahitaji kitu cha kutazama.

Kuandika kulinichukua nguvu kuliko nilivyotarajia, hasa sehemu ya utambuzi. Maelezo kamili ya spishi huorodhesha kila kitu: rangi, macho, miguu, tumbo. Utambuzi ni aya moja fupi inayosema kwa nini huyu si yule. Ndiyo aya itakayosomwa zaidi, nami niliandika na kufuta mpaka nikabaki na maneno ambayo kila moja lingeweza kukaguliwa kwa hadubini. “Mwiba mkubwa” halifai. Mkubwa kuliko nini? “Mwiba uliopinda nyuma, unaotokea chini ya kijibamba chenye ukingo wa msumeno” linafaa, kwa sababu mtu anaweza kulithibitisha au kulikana. Nimejikuta sasa nikisoma hata maandishi mengine kwa swali hilo hilo: sentensi hii mtu anaweza kuikagua?

Kuhusu jina, wengi hudhani ndiyo raha kubwa. Kanuni za Kimataifa za Majina ya Wanyama, toleo la nne, zinazotumika tangu mwaka 2000, zina masharti yake: ni lazima utamke wazi kwamba jina ni jipya, umtaje holotaipu, useme atahifadhiwa wapi, na tangu mwaka 2012, makala ikichapishwa kwa njia ya kielektroniki pekee, isajiliwe kwanza ZooBank, sajili ya mtandaoni ya majina ya wanyama. Jina lenyewe sitalitaja hapa. Mswada uko kwa wahakiki, na jina likitangulia kuzagaa kabla ya maelezo yake kuchapishwa linaleta vurugu: watu wanaanza kulitumia ilhali halina mwili nyuma yake. Nitasema tu kwamba sikumpa jina la mtu. Nilichagua neno linalotaja kile kijibamba, ili anayelisikia ajue pa kutazama.

Mhakiki mmoja alirudisha mswada na maswali mazito, na ninamshukuru. Alitaka mchoro wa prokursi kwa upande wa juu, ambao sikuwa nimeuweka. Alitaka nieleze kwa nini majike wawili kutoka mwinuko wa juu zaidi wameingizwa kwenye orodha ya parataipu, yaani sampuli nyingine zinazotajwa pamoja na holotaipu, wakati vibamba vyao vimekaribiana kuliko vya wengine. Nilikuwa na jibu la swali la kwanza; mchoro ulihitaji kukaa hadubinini tena, basi. La pili lilinifanya niwatoe majike hao wote wawili kutoka kwenye parataipu. Wanaweza kuwa spishi hii hii katika tofauti zake za kawaida, wanaweza kuwa jirani yake. Jike peke yake, katika kundi hili, hatoshi kuamua, na kwenye makala wametajwa kwa jina la jenasi tu, pamoja na mahali walipotoka, ili mwingine akipita huko ajue kuna kazi.

Holotaipu ataenda kukaa makumbushoni pamoja na palpi yake ya kushoto ndani ya kijichupa kidogo kilichotumbukizwa kwenye kichupa kikubwa, visitengane. Parataipu wengine watagawanywa katika makumbusho mawili, ili ajali ya mahali pamoja isifute kila kitu. Kibali cha kurudi kwenye mwinuko ule wa juu nimekwisha kukiomba. Safari hiyo ninatafuta madume.